Kuharisha damu kusikokwisha: dawa mpya zipo, lakini kifua kikuu kitafutwe kwanza

Mwezi huu tuzungumzie ugonjwa ambao wengi wetu hatujausikia kwa jina, ingawa dalili zake tunazijua sana. Kijana anaanza kuharisha. Ananunuliwa Flagyl dukani, anapata nafuu siku nne au tano, kisha tumbo linarudia. Anakwenda zahanati, anaambiwa ni amiba, anapewa dawa tena. Mwezi wa pili choo kina damu na makamasi, anaamka usiku mara tatu kukimbilia chooni, na sasa anatibiwa taifodi. Mwezi wa nne mkanda wa suruali umeongezwa matundu, naye haendi tena kanisani kwa sababu anaogopa kukaa mbali na choo.

Mara nyingi kweli huwa ni amiba, au kuhara damu kwa vijidudu vingine, na dawa humponya mtu. Hatusemi kwamba waganga wa zahanati zetu wanakosea. Tunasema kwamba kuharisha kunakopita wiki nne, tena kwenye damu, si jambo la kutibiwa kwa kubahatisha kwa mara ya tatu na ya nne.

Liko jambo lingine linalomwumiza mgonjwa wa namna hii huku kwetu. Mkoa wa Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania, mwaka 1983. Wazee wanakumbuka jina la Juliana. Tangu siku hizo, mtu akikonda na kuharisha, jirani hahitaji kuambiwa, ameshajijibu mwenyewe. Kwa hiyo kijana wetu anabeba maumivu ya tumbo na juu yake maneno ya watu, na wako wanaojificha nyumbani kwa sababu hiyo mpaka wanaletwa hospitali wakiwa wameishiwa damu. Kipimo cha virusi vya UKIMWI hutoa majibu kwa dakika chache, tena katika zahanati nyingi. Kifanyike mapema. Kama virusi vipo, dawa zipo na mtu ataishi. Kama havipo, basi kuna kitu kingine cha kutafuta, na hapo ndipo habari yetu inapoanza.

Utumbo unaojivamia

Yapo maradhi mawili ya uvimbe wa utumbo. La kwanza ni ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Huanzia sehemu ya mwisho kabisa, karibu na njia ya haja kubwa, na kupanda juu kadiri unavyozidi. La pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari wa New York, Burrill Crohn, ambaye pamoja na wenzake wawili aliueleza mwaka 1932. Huu waweza kushika popote tangu kinywani hadi chini, lakini hupenda zaidi mahali utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, upande wa kulia chini ya kitovu. Huchimba ndani, huweza kuziba utumbo, na mara nyingine hutoboa tundu linalotoa usaha pembeni ya njia ya haja.

Tafadhali msichanganye maradhi haya na vile tunavyoviita kila siku vidonda vya tumbo. Vidonda vya tumbo hukaa katika mfuko wa chakula au mwanzo wa utumbo, na mwenye navyo husikia moto juu ya kitovu. Dawa zake hazitibu haya tunayoyasema leo.

Maradhi haya huwashika zaidi vijana, wengi wao kati ya miaka 15 na 35. Hayaambukizi. Hayatoki kwa mkono wa mtu wala kwa chakula ulicholishwa arusini. Baadhi ya watu huzaliwa na mwelekeo wa kuyapata, kisha mambo mengine ya maisha huyaamsha, na kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuuvamia utumbo wenyewe.

Kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa magonjwa ya Wazungu. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji Mulago kule Kampala hadi miaka ya 1960, aliona kwamba wagonjwa wake Waafrika walikuwa na maradhi machache sana ya utumbo ya aina waliyo nayo Waingereza, akahusisha jambo hilo na vyakula vyetu vyenye nyuzinyuzi nyingi. Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Hata hivyo mwaka 1966 jarida la madaktari la Uingereza lilichapa taarifa kutoka Uganda ya Waafrika wanne waliokuwa na ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Basi haujawahi kuwa wa rangi moja. Tangu hapo umeonekana ukiongezeka kila nchi ambako watu wanahamia mijini na kubadili namna ya kula na kuishi. Tena tukumbuke kwamba ili kuuona lazima utumbo utazamwe kwa ndani, kwa mpira mwembamba wenye taa na kamera. Mahali pasipo na kifaa hicho, ugonjwa huu huandikwa daftarini kwa jina la amiba.

Yowe bila mwizi

Sasa tuje kwenye dawa mpya, zinazoitwa dawa za kibayolojia. Tutumie mfano wa kijijini. Usiku mtu akipiga yowe, ile enduru tunayoijua, wanaume wote hutoka na mapanga na kukimbilia upande ule. Kama kuna mwizi, kijiji kimepona. Lakini fikiria yowe linalopigwa usiku kucha, kila siku, na mwizi hayupo. Watu wanakimbia huku na huku katika kibanja, wanakanyaga maharage, wanaangusha migomba. Mwishowe kibanja kimeharibiwa na wenyeji wenyewe.

Mwilini yowe hilo hupigwa na vitu vidogo vinavyotolewa na chembechembe za damu. Kimojawapo kinaitwa TNF. Katika utumbo wa mgonjwa wetu TNF imejaa kupita kiasi. Dawa za zamani kama predinisoloni hutuliza kijiji kizima, wapiga yowe na walinzi pamoja. Dawa ya kibayolojia humshika mpiga yowe mmoja na kumziba mdomo.

Dawa hizi zinaitwa hivyo kwa sababu hazichanganywi kiwandani kama aspirini. Zinatengenezwa na seli hai zinazofugwa ndani ya mapipa makubwa, kwa ufundi uliogunduliwa mwaka 1975 na Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge, Uingereza, ambao uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Kwa kuwa dawa yenyewe ni protini, ukiimeza tumbo litaisaga kama linavyosaga nyama. Ndiyo maana hutolewa kwa sindano au dripu.

Mgonjwa wa kwanza wa Crohn ambaye habari zake ziliandikwa, mwaka 1993, alikuwa msichana wa miaka 13 huko Amsterdam, Uholanzi, ambaye dawa nyingine zote zilikuwa zimeshindwa. Alipata nafuu kubwa. Mwaka 1997 ikatolewa taarifa ya majaribio kwa wagonjwa 108: kati ya waliopewa kipimo cha miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, watu 81 katika 100 walikuwa na nafuu baada ya wiki nne, kati ya waliopewa maji matupu, 17 tu katika 100. Mwaka uliofuata, 1998, dawa hiyo, infliksimabu, iliruhusiwa Marekani. Ikafuata adalimumabu, ambayo mgonjwa huweza kujidunga mwenyewe chini ya ngozi. Zimekuja nyingine baadaye, kama vedolizumabu ya mwaka 2014, inayofanya kazi zaidi katika utumbo peke yake.

Si uponyaji wa moja kwa moja. Karibu mtu mmoja katika watatu hapati nafuu ya maana, na kwa wengine dawa huanza vizuri kisha huchoka. Lakini kwa yule inayemfaa, vidonda hufunga, damu hukoma, na mtu aliyekuwa akingojea kukatwa utumbo hurudi kazini.

Mwizi wa kweli aliyezingirwa

Hapa ndipo tunaomba msome polepole, hasa wenye ndugu anayetumia dawa hizi au aliyeambiwa azianze.

Wengi wetu tulivuta vijidudu vya kifua kikuu zamani bila kujua. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wanavyo. Haviumizi, kwa sababu kinga ya mwili imevizingira na kuvifungia ndani ya uzio. Na mmoja wa walinzi wakuu wa uzio huo ni TNF hiyo hiyo. Ukimziba mdomo ili utumbo utulie, uzio unalegea, na mwizi wa kweli anatoka.

Hili lilionekana mapema. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani walichapa habari za wagonjwa 70 walioshikwa na kifua kikuu baada ya kupewa infliksimabu. Nusu yao waliugua ndani ya wiki 12 tangu waanze. Zaidi ya nusu hawakuugua mapafu tu, bali tezi, tumbo, ubongo, mwili mzima. Karibu wote walitoka nchi ambazo kifua kikuu ni haba. Tanzania ilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka 2021 hadi 2025. Pima mwenyewe hatari hiyo ikoje kwetu.

Na kuna mtego wa pili, ambao kwa maoni yetu ni mbaya kuliko wa kwanza. Kifua kikuu chenyewe huweza kukaa katika utumbo, na mahali kinapopenda ni pale pale upande wa kulia anapopenda Crohn. Kinaleta homa za jioni, kukonda, kuharisha, uvimbe, kuziba kwa utumbo. Hata daktari bingwa akitazama kwa kamera anaweza kusita. Mgonjwa wa kifua kikuu cha utumbo akipewa predinisoloni kwa kudhaniwa ana Crohn, aweza kupata nafuu ya majuma machache, ndugu wakashukuru, kisha akaanguka vibaya. Akipewa dawa ya kibayolojia, anaweza kufa. Ndiyo maana madaktari wa nchi zenye kifua kikuu kingi, wakishindwa kutofautisha, mara nyingi huanza na dawa za kifua kikuu, humwangalia mgonjwa kwa miezi miwili au mitatu, na kutazama tena ndani. Kama vidonda vinafunga, dozi inakamilishwa. Kama havijabadilika, ndipo wanarudi kwenye Crohn. Familia isione kwamba daktari anapoteza muda. Huo ndio usalama wa mgonjwa.

Wa kando ya Ziwa, pamoja na wavuvi wa Bumbire na visiwa vingine vya Muleba, wana jambo la tatu: kichocho cha tumbo. Nacho huleta damu katika choo, na dawa yake, prazikwanteli, ni rahisi.

Safari ya vipimo

Vipimo vya mwanzo havihitaji kusafiri mbali. Choo kipimwe kwa amiba na mayai ya kichocho, tena zaidi ya mara moja. Damu ipimwe wingi wake, virusi vya UKIMWI, na homa ya ini aina ya B, kwa sababu dawa za kibayolojia huiamsha nayo. Picha ya kifua ipigwe. Kazi hii ianzie katika hospitali iliyo karibu nawe, iwe Rubya, Kagondo au Ndolage kwa watu wa Muleba, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa kwa watu wa Bukoba. Baada ya hapo, mgonjwa ambaye damu bado haijakoma aombewe rufaa ya kutazamwa utumbo kwa kamera, Bugando kule Mwanza au Muhimbili. Tangu Juni 2025 basi la Mwanza linapita juu ya daraja la Kigongo hadi Busisi bila kungoja kivuko, kwa hiyo mwenye kuharisha hana tena sababu ya kuogopa foleni ya pale. Wakati wa kutazama, daktari huchukua vipande vidogo vya nyama ya utumbo vikapimwe. Msikatae vipande hivyo. Bila hivyo ni kukisia tu.

Ipo hali isiyongojea rufaa. Mtu anayetoa damu mara sita au zaidi kwa siku, na pamoja na hayo ana homa, au moyo unapiga zaidi ya mara 90 kwa dakika akiwa amelala, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kipimo hiki si chetu. Kilitolewa na madaktari Truelove na Witts wa Oxford mwaka 1955, na bado kinatumika.

Ikithibitika kwamba ni moja ya maradhi yale mawili, wengi hawaanzi na dawa ya kibayolojia. Kwa vidonda vya utumbo mpana visivyo vikali, sulfasalazini, dawa ya tangu miaka ya 1940, huwatuliza watu wengi kwa bei nafuu. Predinisoloni hutumika kuzima moto kwa majuma machache, na haifai kuachwa ghafla wala kunywewa mwaka mzima. Azathioprini huja kushika nafasi yake, na anayeinywa lazima apimwe damu mara kwa mara. Mgonjwa aepuke pia kununua diklofenaki na ibuprofeni za maumivu, maana huweza kuuamsha ugonjwa. Chakula hakiponyi, lakini wakati tumbo limewaka ndizi zilizopondwa laini na uji hupita vizuri kuliko mahindi ya kuchoma, njugu na maganda ya maharage. Mwenye utumbo uliobanwa awe mwangalifu hata na senene, ingawa tunajua tunamwomba jambo gumu mwezi wa Novemba.

Dawa hizo zikishindwa, ndipo ije ya kibayolojia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza adalimumabu katika orodha yake ya dawa muhimu, na ugonjwa wa Crohn umetajwa humo. Tangu mwaka 2013 huko Ulaya zimeruhusiwa pia dawa za infliksimabu zilizotengenezwa na makampuni mengine kwa kufuatisha ile ya kwanza, nazo zimeshusha bei. Hata hivyo kwa mkulima wa kahawa dozi moja yaweza kumeza fedha ya msimu mzima. Na dozi moja haitoshi. Infliksimabu hutolewa siku ya kwanza, baada ya wiki mbili, baada ya wiki sita, kisha kila wiki nane. Anayeruka dozi na kurudia miezi baadaye, mwili wake huijua dawa kama mgeni na kuipiga vita; yaweza kukosa nguvu kabisa, au kuleta mshtuko wakati wa dripu. Kwa hiyo harambee ya ukoo ikichangisha dozi mbili tu, ni heri fedha hiyo itumike kwa vipimo na dawa zile za zamani. Tunajua ni neno chungu. Kwanza familia ijue nani atalipia mwaka mzima, ndipo sindano ya kwanza ichomwe.

Kabla ya sindano hiyo, kifua kikuu kilicholala kitafutwe kwa sindano ya ngozi mkononi au kwa kipimo cha damu, pamoja na picha ya kifua. Anayetumia predinisoloni, au mwenye virusi vya UKIMWI, kipimo cha ngozi chaweza kumdanganya kuwa hana, basi daktari ataangalia zaidi. Akikutwa nacho, atapewa isonayazidi au dawa nyingine ya kinga, na kwa kawaida dawa ya kibayolojia itangojea walau mwezi mmoja.

Ndugu anayekuja kutoka ng'ambo

Familia nyingi za Bukoba na Muleba zina mtoto au shangazi huko Sweden, Ujerumani au Uingereza, na huenda ndiye anayetumia sindano hizi. Akija likizo, sindano za adalimumabu zikae katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kama chanjo za watoto. Zisiguse barafu; iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka. Ndani ya ndege azibebe mkononi. Umeme ukikatika, nyingi huvumilia hadi siku 14 katika joto lisilozidi nyuzi 25, lakini asome karatasi ya dawa yake. Asimgawie ndugu mwenye tumbo linalofanana na lake, hata kwa huruma.

Akiwa nyumbani asinywe maziwa yasiyochemshwa. Homa yoyote ipimwe hospitali, isitibiwe dukani kama malaria. Kama kuna mtu anakohoa zaidi ya wiki mbili, huyo apimwe kabla mgeni hajalala nyumba moja naye. Na kwa kuwa wengi hushukia Entebbe na kuja kwa gari kupitia Mutukula, suala la chanjo ya homa ya manjano hutokea. Chanjo hiyo ni ya virusi hai, mtumiaji wa dawa hizi hapaswi kuchanjwa. Aombe kwa daktari wake huko huko barua ya kusamehewa, yenye muhuri.

La mwisho ni la akina mama. Infliksimabu na adalimumabu huvuka kondo la nyuma na kumwingia mtoto, hasa miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Mtoto huzaliwa nayo damuni. Kwetu mtoto huchanjwa BCG mara anapozaliwa, na BCG ni vijidudu hai. Huko Uingereza mtoto mmoja ambaye mama yake alitumia infliksimabu alikufa kwa sababu ya BCG akiwa na miezi minne na nusu, kama ilivyoandikwa mwaka 2010. Siku hizi inashauriwa mtoto wa mama aliyetumia infliksimabu akiwa mjamzito asipewe chanjo hai kabla ya kutimiza miezi 12, isipokuwa daktari amethibitisha kwamba dawa imekwisha katika damu yake. Chanjo nyingine zisizo hai huendelea kwa tarehe zake. Mama aliyetumia dawa hizi amwambie mkunga mapema, kabla ya uchungu kuanza, na iandikwe kwa kalamu nyekundu juu ya kadi ya kliniki ya mtoto.